Jaribio la kuburuta kontena linafaulu mchana, usiku linagoma. Tatizo liko wapi?

#1 MsimboKurasini

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza programu ya mezani ya kupanga mizigo kwa kampuni moja ya malori hapa Dar. Ni Python na PySide6 (yaani Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe), inatumika kwenye Windows 10. Kushoto kuna orodha ya makontena yaliyotoka bandari kavu yakisubiri gari, kulia kuna malori, kila lori na safu yake. Dispatcha anashika kadi ya kontena, anaiburuta mpaka kwenye lori, anaachia. Hapo programu inajumlisha kichwa, tela na mzigo, na jumla ikizidi tani 56 zilizowekwa na sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya 2016, inakataa. Bora ikatae hapa Kurasini kuliko gari likafike mizani ya Vigwaza ndipo watu waanze kupigiana simu.

Nimeandika jaribio la kiotomatiki liendeshwe kila usiku. Linatumia pyautogui, maktaba ya Python ya kuigiza kipanya. Kipande chenyewe ni hiki:

```
pyautogui.moveTo(240, 318)
pyautogui.mouseDown()
pyautogui.moveTo(910, 402)
pyautogui.mouseUp()
```

Mchana nikiwa nimekaa mbele yake linafaulu. Usiku, kwenye mashine iliyopo chumba cha seva, linaanguka. Kadi inabaki kushoto, hakuna ujumbe wa kosa, logi iko kimya. Na si kila usiku. Nikiingia kwa mbali kutoka nyumbani kuangalia, linafaulu. Aliyewahi kukutana na hili anisaidie.

#2 BintiUbungo

Mkuu, tatizo linaonekana kwenye mistari yako minne. `moveTo` bila kutaja muda inamrusha mshale kutoka pointi moja hadi nyingine kwa mruko mmoja. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Mtu akiburuta, programu inapokea mtiririko wa taarifa za kusogea, na Qt haianzi kuburuta mpaka mshale uwe umesogea umbali fulani tangu kitufe kibonyezwe. Umbali huo unaitwa startDragDistance na kwa kawaida ni pikseli 10.

Sasa fikiria unachokifanya: Qt inapata taarifa moja tu ya kusogea, inagundua umbali umepita, inaanza kuburuta, na wakati huo mshale tayari uko juu ya lori na kitufe kinakaribia kuachiwa. Lori halijapata nafasi ya kuambiwa kuna mzigo unakuja. pyautogui inasubiri sehemu ya kumi ya sekunde kati ya amri na amri, basi. Mashine ikiwa nyepesi mchana inatosha. Usiku kuna nakala rudufu zinaendeshwa, na hapo haitoshi.

Fanya hivi: bonyeza, sogea pikseli 15 hivi pembeni, subiri kidogo, nenda kwa hatua ndogo ndogo mpaka kwenye lori, ukifika sogea tena pikseli chache ukiwa juu ya lori lenyewe, ndipo uachie.

#3 Mzee wa Delphi

BintiUbungo yuko sahihi kuhusu umbali. Kila mfumo una wake. Delphi, Mouse.DragThreshold ilikuwa pikseli 5. Windows yenyewe kwa kawaida ni 4. Java ni 5. Kwa hiyo jaribio ulilolinakili kutoka programu nyingine linaweza kusogea pikseli 6 na likafaulu kule, kwenye Qt likawa halijaburuta kitu. Wengi wanakwama hapo.

Ila enzi zetu tulikuwa na binti mmoja ofisini, karatasi mkononi yenye orodha ya vitu vya kujaribu, anaburuta kimoja kimoja anaweka tiki. Hakuna kilichompita.

#4 Nafuatilia_Tu

Shikamoo mzee. Na binti akiumwa?

#5 Mzee wa Delphi

Marahaba. Akiumwa toleo linasubiri. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri toleo.

#6 RobotiKijitonyama

Hatua ndogo ndogo ni jambo jema lakini haziwezi kueleza kwa nini linafaulu akiwa anaangalia. Mimi nasema hiyo ni skrini iliyofungwa.

Ukiingia kwa mbali halafu ukafunga lile dirisha, kikao chako hakifi, kinabaki bila eneokazi linaloonekana. Programu inaendelea kufanya kazi, faili zinaandikwa, lakini kipanya cha kutengenezwa kwa SendInput, amri ya Windows ya kuigiza kipanya, hakina mahali pa kwenda. Ukirudi kuangalia, eneokazi linarudi na jaribio linafaulu. Hata kulipunguza dirisha la mbali likae chini kwenye upau wa kazi kunaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Na kama kiendesha majaribio chako kimewekwa kama huduma ya Windows, ni balaa zaidi. Tangu Vista huduma zote zinakaa kikao namba 0 ambako hakuna mtumiaji wala eneokazi la mtu. Dawa yake: mashine iingie yenyewe ikiwaka, kiendeshaji kianze kama programu ya kawaida baada ya kuingia, zima kufunga skrini, zima kulala. Ukimaliza kuangalia kwa mbali usifunge dirisha, tumia `tscon` kurudisha kikao kwenye mashine yenyewe.

Kiendeshaji chako ni huduma au siyo?

#7 MsimboKurasini

Asanteni. Si huduma. Mashine inaingia yenyewe, kulala nimezima, kufunga skrini nimezima. Nilishaweka hatua ndogo za BintiUbungo kwa kutumia `duration`, mchana sasa haliyumbi kabisa. Usiku bado kuna siku linaanguka.

Kitu ambacho sikukitaja: mashine hiyo haina kioo. Ni kasha tu limekaa kwenye rafu, limechomekwa umeme na waya wa mtandao.

#8 SkriniTabata

Haina kioo! Hilo ungeanza nalo, mkuu.

Windows isipoona kioo inachagua ukubwa wa skrini inaoutaka yenyewe, na mara nyingi ni mdogo. Ukiingia kwa mbali, kikao kinachukua ukubwa na ukuzaji (scaling) wa skrini ya laptop yako. Kwa hiyo 910 na 402 kwenye laptop yako ni lori, kwenye kasha lisilo na kioo ni nafasi tupu kati ya safu mbili, au ni nje ya dirisha kabisa. Mshale unafika pale ulipouambia, tatizo ni kwamba pale hapana lori.

Usiandike namba za skrini kwa mkono. Iulize programu yenyewe kadi iko wapi. Qt ina `visualItemRect` ya kukupa mstatili wa kadi, na `mapToGlobal` ya kuugeuza uwe wa skrini nzima. Halafu angalia ukuzaji. Laptop nyingi zinakuja na asilimia 125 au 150, na Qt 6 inakupa vipimo vya kabla ya ukuzaji. Kwa 125, kadi ambayo Qt inasema iko 400, kipanya kinatakiwa kwenda 500. Tofauti ya pikseli 100 inatosha kabisa kukupeleka lori la jirani.

Na nenda Kariakoo ukanunue kile kichomeo kidogo cha HDMI kinachoidanganya kompyuta kwamba ina kioo. Utakipata kwa wauza vifaa vya kompyuta.

#9 BintiUbungo

Marekebisho madogo kwa #6. pyautogui kwenye Windows haitumii SendInput. Inasogeza mshale kwa SetCursorPos na kubonyeza kwa mouse_event, ambayo Microsoft wenyewe wanasema SendInput imechukua nafasi yake. Hoja yake kuhusu kikao kisicho na eneokazi inabaki pale pale, zote zinakwama.

Kitu kingine cha kuangalia: pyautogui ina kinga ya dharura. Mshale ukikutwa kwenye kona ya skrini, inasimamisha kila kitu. Lakini ingekuwa hivyo ungeona kosa kwenye logi, na wewe unasema logi iko kimya.

#10 DadaQA_Mbezi

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana naona tunatibu kipanya wakati kipanya si ugonjwa.

Kuburuta si tukio moja. Ni mazungumzo marefu kati ya programu na Windows. Programu inasema "nimeshika kitu hiki", Windows inachukua usukani na kuanza kuuliza kila dirisha linalopitiwa, kama konda anavyouliza kila kituo: unashusha? Dirisha linajibu ndiyo au hapana. Mshale unabadilika umbo kulingana na jibu. Mwisho kitufe kikiachiwa ndipo mzigo unakabidhiwa. Kwenye Windows kazi hiyo inafanywa na DoDragDrop, na hiyo hairudi mpaka kuburuta kuishe. Ndiyo maana nyaraka za Qt zinasema wazi kwamba QDrag.exec kwenye Windows inauzuia mzunguko wa matukio wa Qt, ilhali kwenye Linux na macOS haiuzuii.

Maana yake kwa majaribio ni hii. Ukiandika jaribio ndani ya programu ile ile, tredi ile ile, ukaanza kuburuta, mstari wako unaofuata hauendeshwi. Jaribio linasubiri kuburuta kuishe, na kuburuta kunasubiri jaribio liachie kitufe. Mtakesha. Na ukitumia QTest, zana ya majaribio ya Qt, kutuma mibonyezo, ile mibonyezo ni ya ndani ya Qt, Windows haijui kama ipo, kwa hiyo DoDragDrop haiwezi kuiona.

Ushauri wangu: mambo mengi unayotaka kuyajua hayahitaji kipanya. Gawa. Kadi ikishikwa inabeba taarifa gani? Hiyo ni `mimeData`, iite moja kwa moja, isome. Lori linakubali mzigo huu? Hiyo ni `canDropMimeData`, iite moja kwa moja, ipe kontena zito na jepesi. Likikubali, nini kinabadilika? Hiyo ni `dropMimeData`. Majaribio hayo yanakwisha kufumba na kufumbua, hayajali kioo, hayajali usiku.

Nitoe mfano. Tulikuwa na orodha ambayo mtu anapanga upya mpangilio kwa kuburuta. Kupandisha juu kulikuwa sawa, kushusha chini kitu kilitua mstari mmoja kabla. Ukitaka kutoa mstari wa 0 ukae baada ya mstari wa 2, `beginMoveRows` inataka uiambie 3, kwa sababu inahesabu nafasi kabla ya kitu kuondolewa. Aliyeandika aliweka 2. Kwa macho, ukiburuta na kipanya, unadhani mkono wako umeteleza, unaburuta tena. Jaribio lisilo na kipanya lililionyesha mara moja.

Kipanya halisi kiachie jaribio moja au mawili tu, kuthibitisha kwamba nyaya zimeunganishwa.

#11 Nafuatilia_Tu

Hii #10 ibandikwe juu.

#12 KipanyaHalisi

Naheshimu #10, ila hapo mwisho tunaachana njia.

Nina rafiki ana duka la uchapaji Kariakoo, kadi za harusi, mabango, fulana. Nilimtengenezea programu ndogo ya kupanga picha kwenye ukurasa: unachukua picha kwenye folda, unaiburuta ndani ya dirisha, inakaa. Majaribio yangu ya ndani yote yalipita, `dropMimeData` safi. Dukani ikagoma siku ya kwanza. Kila wakishika picha na kuileta kwenye dirisha, mshale unageuka ile alama ya duara lenye mstari. Picha haiingii.

Sababu? Kisakinishi kikimaliza kilikuwa kinaifungua programu kwa haki za msimamizi. Windows, tangu Vista, hairuhusu dirisha la ngazi ya chini kupeleka vitu kwenye dirisha la ngazi ya juu. Folda inaendeshwa kama mtumiaji wa kawaida, programu yangu kama msimamizi, basi mlango umefungwa. Programu yangu haikupata hata swali la kwanza. Ungeniita `dropMimeData` mpaka asubuhi usingeliona hilo.

Kwa hiyo mtumiaji anachofanya kwa mkono, jaribio nalo lifanye kwa mkono. Na MsimboKurasini, angalia hapo: kama programu yako usiku inafunguliwa na ratiba yenye haki za juu na hati (skripti) ya pyautogui inaendeshwa kwa haki za kawaida, mibonyezo inazuiwa, na inazuiwa kimya kimya.

#13 DadaQA_Mbezi

KipanyaHalisi, mfano wako mzuri na sibishani nao. Lakini ni jaribio moja. Hukuhitaji majaribio mia ya kipanya kulikamata hilo, ulihitaji moja lililofungua programu kama inavyofunguliwa dukani. Hiyo ndiyo hoja yangu.

#14 KipanyaHalisi

Moja la kila njia ambayo mtu anaweza kuleta kitu: kutoka folda, kutoka kivinjari, kutoka barua pepe, kutoka orodha moja kwenda nyingine. Ukizihesabu siyo moja tena, dada.

#15 Mzee wa Delphi

Mnasahau umeme. Ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, mashine inawaka upya, inakutana na sasisho, inasimama pale inapotaka nenosiri. Mwenye majaribio kalala. Weka UPS, na weka logi ya lini mashine imewaka.

#16 MwlLinux

Au hama kabisa. Linux na Xvfb: skrini ya kubuni, unaipa 1920 kwa 1080, haibadiliki leo wala kesho, hakuna kioo, hakuna arifa za kuruka, hakuna kufunga skrini. xdotool inasogeza kipanya. Sisi majaribio yote ya kiolesura tunayaendesha huko.

Angalizo: Linux ina mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, X11 na Wayland; hakikisha ni X11. Wayland kwa makusudi hairuhusu programu moja kuigiza kipanya cha nyingine, xdotool itakugomea kwenye madirisha ya Wayland. Kuna ydotool inayopita chini kwenye kiini, lakini inataka ruhusa zake.

#17 BintiUbungo

Mwalimu, madispatcha wake wanatumia Windows. Ukijaribu kuburuta kwa X11 unajaribu itifaki ya XDND, Windows inatumia njia yake nyingine, OLE. Na DadaQA ameshasema hapo juu: exec inazuia mzunguko kwenye Windows, kwenye Linux haizuii. Hitilafu inayotokana na huko kuzuia haitaonekana Xvfb hata uendeshe mwaka mzima. Kwa majaribio ya mantiki sawa, kwa kuburuta kwenyewe hapana.

#18 MwlLinux

Nakubali kwa hilo la exec. Lakini kama tatizo lake ni skrini na vikao, Xvfb ingemwonyesha kwamba msimbo wake ni mzima. Huko nako ni kupata jibu.

#19 Mbuyuni_Mac

Kwa faida ya wenye Mac: huku kuna mtego mwingine. Ukibonyeza kitufe halafu ukatuma taarifa ya "kipanya kimesogea", hakiburuti kitu. Lazima utume taarifa ya aina yake, ya "kipanya kimeburutwa". Pia programu inayoigiza kipanya lazima ipewe ruhusa ya Ufikivu kwenye mipangilio, usipoipa hakuna kinachosogea.

#20 Ali_Elektroni

Na wenye programu za mezani za Electron, zinazojengwa kwa teknolojia ya wavuti, kuburuta kwenu ni kwa kivinjari. Playwright, zana ya kujaribu kurasa za wavuti, wenyewe wanaandika kwamba kama ukurasa unategemea tukio la dragover, usogeze kipanya angalau mara mbili ndipo litokee kwenye vivinjari vyote. Ni lile lile la #2 la kusogea tena ukiwa juu ya lori.

Swali kwa MsimboKurasini: kwa nini usitumie UI Automation ya Windows, ile njia ya programu moja kusoma na kuendesha vitufe vya nyingine? Ina kitu kinaitwa DragPattern, unaambia kadi ijiburute, huhangaiki na pikseli.

#21 RobotiKijitonyama

Haijiburuti, kaka. Niliifuata nikidhani hivyo hivyo. DragPattern na DropTargetPattern zilikuja na Windows 8, lakini zinatoa taarifa tu: kitu kimeshikwa au hakijashikwa, kikiachiwa kitanakiliwa au kitahamishwa. Zimetengenezwa ili kisoma skrini kimweleze mtu asiyeona kinachoendelea. Amri ya "buruta" hazina. Mwisho wa siku hata maktaba kubwa zinasogeza kipanya tu kwa niaba yako. Ila ule ujumbe wa "imeshikwa" ni wa thamani kwenye jaribio: badala ya kusubiri nusu sekunde kwa kubahatisha, unasubiri mpaka kitu kiseme kimeshikwa. Lakini ni kama programu imeutoa, na si kila programu inautoa.

#22 MsimboKurasini

Nawashukuru wote, nimefanyia kazi mengi. Ripoti:

Haki za programu na za hati ni sawa. Mashine haikuwaka upya usiku liliposhindwa. Namba za skrini nimezitoa, sasa naziuliza kwa programu kama alivyosema SkriniTabata. Nimeongeza picha ya skrini kila hatua.

Picha za usiku mmoja zinaonyesha arifa ya Windows imejitokeza kona ya chini kulia, juu ya safu ya lori la mwisho, na mshale umeachia kitufe juu ya arifa. Nikasema nimepata. Nimezima arifa. Likaanguka tena, na safari hii picha zinaonyesha skrini safi, kadi inasafiri mpaka juu ya lori, halafu picha inayofuata kadi imerudi kushoto.

#23 Dispatcha_Tandika

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa programu, ni dispatcha, natumia programu inayofanana na hiyo kila siku. Nina la kusema.

Sisi yadi tunatumia laptop bila kipanya, ni ile sehemu ya kugusa kwa kidole. Kuburuta kutoka kushoto mpaka lori la kumi na kitu kwa kidole ni mateso. Kidole kikinyanyuka njiani, kontena linatua lori ambalo sikulitaka, na nisipoangalia hati zinatoka hivyo hivyo. Tuwekeeni namna ya kubonyeza kitufe cha kulia, ichaguliwe "mpangie lori", nichague namba, kwisha.

La pili, hiyo ya kadi kurudi kushoto bila kusema kitu tunaijua. Kwetu ikirudi hivyo maana yake ni uzito. Programu imekataa lakini haisemi. Wapya wanadhani kipanya kibovu, wanaburuta tena na tena.

#24 DadaQA_Mbezi

Dispatcha, asante sana. Hilo la kwanza liko hata kwenye miongozo ya kimataifa ya ufikivu. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, kipengele 2.5.7, inataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia nyingine isiyohitaji kuburuta. Imeandikwa kwa ajili ya wavuti, lakini programu ya mezani nayo haina sababu ya kumtesa mtu. Na njia hiyo ya menyu inajaribika kirahisi, ikipitia msimbo ule ule wa kuangalia uzito.

La pili ndilo zito. MsimboKurasini, soma tena #1 yako: kadi inabaki kushoto, hakuna ujumbe, logi kimya. Hivyo ndivyo programu yako inavyokataa mzigo uliozidi. Je, usiku lori hilo linakuwa tupu kabla ya jaribio kuanza? Mchana unaliendesha peke yake. Usiku yanaendeshwa yote. Kama jaribio jingine lilishapakia kwenye lori lile kontena la futi 20 lenye tani 24, na kichwa na tela ni tani 17, uko 41. Ukiongeza la pili la tani 24 unafika 65. Kumi na moja... samahani, tisa juu ya kikomo. Inakataa, na iko sahihi kukataa.

#25 SkriniTabata

Hii nayo ina nguvu. Ila kwa nini ikaanguka siku moja moja, siyo kila usiku?

#26 DadaQA_Mbezi

Inategemea kama majaribio yanapangwa kwa nasibu au kwa mpangilio mmoja. Yeye ndiye ajibu.

#27 MsimboKurasini

Yanapangwa kwa nasibu. Kuna programu-jalizi ya pytest, zana yetu ya kuendesha majaribio, inayochanganya mpangilio, tuliiweka kwa makusudi. Hifadhidata inaundwa upya kila usiku, siyo kila jaribio.

Nimeweka logi kwenye dragEnter (kadi imeingia juu ya lori), dragMove (inasogea juu yake), dragLeave (imetoka) na drop (imeachiwa), na nimeweka ujumbe programu ikikataa kwa uzito. Dispatcha wa Tandika, ujumbe huo utabaki hata kwa watumiaji, na menyu ya "mpangie lori" nimeiingiza kwenye toleo lijalo.

Matokeo: kuna usiku drop imefika na kukataliwa, jumla tani 65, kama DadaQA alivyopiga. Sasa hifadhidata inaundwa upya kila jaribio. Lakini kuna usiku mwingine, lori likiwa tupu, dragEnter imefika na kukubaliwa, dragMove zimefika, halafu dragLeave. Drop haikuja kabisa.

#28 KipanyaHalisi

Hiyo ya pili ndiyo ya kipanya, na jaribio lisilo na kipanya lisingekuonyesha. Nimesema.

#29 RobotiKijitonyama

Kwa hiyo ya pili, kuna kitu kinachoondoa mshale kabla ya kuachia. Dirisha lolote likijitokeza mbele hata kwa kufumba macho, lori linapata dragLeave. Angalia ratiba ya Windows na antivairasi, kuna inayofungua dirisha jeusi na kulifunga saa zile zile?

#30 BintiUbungo

Si lazima. Kwenye Qt, kama dragMove ya mwisho ilijibu hapana, ukiachia hupati drop, unapata dragLeave. Safu ya lori ina mapengo kati ya kadi na kadi? Ukiachia kwenye pengo ambalo msimbo wako haulikubali, ndicho utakachokiona. Katikati ya safu inahama kadri makontena yanavyoongezeka, na hatua zako ndogo hazitui pale pale kila siku. Chapisha kwenye logi kila dragMove imejibu nini, na x na y zake.

#31 Mzee wa Delphi

Au mashine imelemewa na kitufe kimeachiwa kabla dragMove ya mwisho haijashughulikiwa. Alisema #2 kuna nakala rudufu usiku. Sogeza nakala rudufu ziende saa nyingine, uone.

#32 MsimboKurasini

Nimeweka logi ya BintiUbungo, nakala rudufu zimehamishiwa saa kumi na moja alfajiri, na kazi zote za ratiba nimeziorodhesha. Kuna moja ya antivairasi inayoanza saa nane kasoro. Nikibadilisha vyote kwa pamoja sitajua kipi ni kipi, kwa hiyo nakala rudufu nazirudisha saa yake, nianze na logi peke yake. Nikipata usiku ulioanguka nitaweka mistari yake hapa.

#33 Dispatcha_Tandika

Menyu inatoka lini, kaka?